Kata ya Kwanza ya Ujimbi

Tangu ofisi yetu ihamie Dodoma, Jumamosi zangu nyingi zimeishia kwenye vilabu vya pombe za kienyeji. Kwetu Kilimanjaro ni mbege, pombe ya ndizi, na nilikuja huku na kiburi cha mbege. Nikaonja ujimbi, pombe ya mtama na uwele ya Wagogo, chachu, nzito, inayoacha chenga kwenye meno, kiburi kikaniisha. Sasa nina daftari. Naandika kijiji, nafaka, na kama kimea kiliota vizuri. Mke wangu huliita daftari la dhambi.

Kilabu ninachokikumbuka kuliko vyote kilikuwa upande wa Kibakwe, banda la miti lenye mabenchi manne. Nilifika saa nane mchana. Wazee kama kumi walikuwa wameketi na makopo makavu, na mtungi umejaa, povu linapasuka. Nikamwamkia mzee wa karibu, nikamuuliza tunangoja nini.

"Tunangoja kuonja," akasema.

Desturi hiyo nilikuwa naijua. Mpika pombe hunywa kwanza mbele ya wateja. Asipoonja, hakuna anayegusa. Lakini mwenye pombe, mama wa makamo, alikuwa amesimama kando ya mtungi ameshika kata kavu. Mzee akanieleza bila kupunguza sauti. Yule mama alikuwa kwenye darasa la ubatizo, kesho yake ndiyo siku yenyewe, na alikuwa ameapa kwamba pombe haitagusa tena kinywa chake. Mtungi huu ulikuwa wa mwisho. Alibakiwa na kimea alichokianika zamani, akaona kukitupa ni dhambi nyingine.

Mimi sina subira, na watu waliotulia hunikera. Nikadhani nimeelewa: anatakiwa mtu anywe, aonekane hajafa. Nikainuka, nikaichukua kata mkononi mwa mama, nikachota, nikanywa yote.

"Haya, mimi hapa, mzima," nikasema. "Kunyweni."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anatazama njiani, ambako bibi mmoja alikuwa anakuja na fimbo, akipumzika kila baada ya hatua chache. Alikuwa mama mkwe wake. Walikuwa wamepatana tangu asubuhi kwamba bibi, kwa kuwa nyumba ni yake, angeonja kwa niaba ya mke wa mwanawe, na wazee wote walikubali. Ndicho walichokuwa wanangoja.

"Umeharibu, mgeni," mzee akasema kwa upole. "Mgeni akitangulia kunywa, hapo hakuna tena wa kuonja kwa niaba ya mwingine. Lazima anywe aliyepika."

Nikabisha. Nikasema basi imwagwe. Wakanieleza kama mtoto: ikimwagwa sasa, itabaki kusemwa kwamba nyumba ya bibi ilimpa mgeni kitu ambacho wenyewe hawakuthubutu kukinywa.

Mama alimngoja bibi afike, akamkalisha. Akanipokonya kata, akanywa funda moja, akameza, akaanza kugawa. Alianza na mimi. Ulikuwa ujimbi bora kuliko wote niliowahi kunywa, na niliandika hivyo. Nikiusoma ukurasa ule naona haya.

Nililala Kibakwe. Asubuhi nikaenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma. Wa kubatizwa walipangwa mbele, wanawake na vitambaa vyeupe kichwani, naye akiwemo. Mchungaji akawa anamuuliza kila mmoja kama pombe imegusa kinywa chake tangu aanze darasa. Mmoja mmoja wakajibu hapana. Nilijikuta naomba, ndani ya nyumba ya Mungu, yule mama aseme uongo.

"Jana," akajibu.

Hakutaja mgeni wala mama mkwe. Akavua kitambaa, akakikunja mara nne, akaja nyuma, na nafasi ilikuwa pembeni yangu tu. Nikasogea. Akaketi, akanitazama kidogo.

"Umeamkaje, mgeni?" akaniuliza.