Mgongo Niliomfungia Mwanangu

Tangu Jumamosi sijui uso wangu niuweke wapi. Mume wangu ni bwana misitu, basi tulipiga hema Mlima Rungwe na mtoto wetu anayejifunza kutembea. Asubuhi, ndani ya ukungu, nikaona koti lake la kaki limeinama, linachochea moto. Nikamlaza mtoto mgongoni pake, nikamfunga kwa khanga.

"Ujamaa unauhubiri kijijini tu? Leo zamu yako kubeba!"

Koti likaendelea kuchochea moto.

Mara mume wangu akatokea mtoni na ndoo.

Kumbe niliyemfungia mtoto ni baba mkwe, kamletea mjukuu maziwa, kisha kajitupia koti la mwanawe kwa baridi! Nasi Wanyakyusa, mke hatazamani wala hasemezani na baba mkwe wake. Nikajifunika uso kwa sufuria.

Bila kugeuka, mzee akamwambia mtoto, "Mwambie mama akaze fundo. Tunapanda mlima."