Kibao cha Kuchapia Maua

Sipendi kudharauliwa, na kazi yangu ndiyo sipendi idharauliwe kabisa. Kwa hiyo mama mmoja Mhindi alipokuja kwenye kibanda changu cha uchongaji mtaani Shauri Moyo, akauliza kama ningeweza kunakili kibao cha mbao kinachoenea kiganjani, nilimjibu ndiyo kabla hajamaliza. Nimechonga twiga na vifaru tangu ujana. Ua lingenishinda vipi?

Kibao kilikuwa cha nyanya yake, aliyekuja nacho kutoka India. Unakichovya kwenye rangi, unakigandamiza kwenye kitambaa, ua linabaki. Sasa kilikuwa na ufa katikati, na kwenye tamasha la sanaa za Kihindi alitaka kuwafundisha watu kuchapa vitambaa. Nilimpa sharti moja: siku hiyo nisimame naye mezani, watu wajue fundi ni nani. Nilikuwa nimechoka kuona kazi zangu zikienda ng'ambo bila mwenyewe kujulikana. Akacheka, akakubali.

Jirani yangu wa kibanda cha pili alinitania, "Niaje buda, siku hizi unachongea Wahindi maua? Simba wamekuboo, umewachoka?"

"Ngoja tu, utaona," nikamwambia.

Nilichagua kipande kikavu cha mti wa mhugu, nikachimba kwa patasi nyembamba, nikaenda chini kweli kweli. Mwishowe nikafanya ninachofanya kwa kila kazi: nikapaka rangi ya viatu, nikasugua kwa kitambaa mpaka kibao kikametameta. Kwetu sisi wachongaji, kazi isiyong'aa haijaisha.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Wasichana wenye njuga miguuni walikuwa wakicheza jukwaani, na mimi nilikuwa nimevaa shati langu la kanisani. Mama akachovya kibao changu, akagandamiza, akainua. Madoa matupu. Rangi ilikuwa imekataa kushika kwenye ule mng'aro, kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Akajaribu tena, madoa tena. Watu wakaanza kunong'ona, na mwanamke mmoja wa mbele akauliza, "Hii nani alichonga?"

Ningeweza kujifanya mpita njia. Aibu ilinijaa mpaka masikioni.

"Mimi," nikasema. "Na nitairekebisha hapa hapa mbele yenu."

Nikamwomba mama radhi, nikatoa kipande cha msasa mfukoni, maana sitoki nyumbani bila msasa. Nikaulaza mezani, nikasugua uso wa kibao juu yake taratibu, kila upande sawa, mpaka mng'aro wote ukaisha na mbao ikabaki kavu. Kama ningechonga kijuujuu, ua lingefutika. Sikuchonga kijuujuu, na hilo niliwaambia pia.

Mama akachovya. Ua likatoka zima, kila mshipa wa jani mahali pake. Watu wakapiga makofi, lakini yeye hakupiga. Alitoa mkobani kibao cha nyanya yake, akachapa kando ya ua langu, akainama akipeleka kidole kutoka ua moja hadi jingine.

Kisha akakifunga kile cha zamani kwenye leso yake, akakirudisha mkobani.

"Sasa hiki kipumzike, fundi," akasema, akanisogezea bakuli la rangi. "Chapa wewe. Watu wanangoja."