Hamira ya Minyoo

Ujanani, miaka ya hamsini, nilikuwa na kazi isiyo na jina. Mzungu mmoja wa Njoro, aliyewaachia wenye akili timamu ngano na ng'ombe, aliletewa minyoo ya baharini kwa treni kutoka Mombasa, hai, ndani ya madebe ya maji ya chumvi yaliyoshushwa stesheni ya Nakuru. Mimi niliikata vipande vyembamba kuliko karatasi, nikavitia dawa mpaka mishipa ya fahamu ikageuka kahawia. Ikigeuka, Mzungu alifurahi kama mtu aliyepata mapacha.

Kisha nikaenda kuposa. Baba wa msichana alikuwa mpakuaji wa mizigo stesheni hiyo hiyo ya Nakuru, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mkali, wa kanisa. Kwake mkwe ni karani au mwalimu.

"Unafanya kazi gani?"

"Natafuta kitu ndani ya minyoo, mzee."

Bara huku mnyoo ni wa tumboni tu. Alichosikia ni kwamba nachokora choo cha Mzungu. Chai iliyokuwa ikija ikarudi jikoni. Akasema heri bintiye aolewe na nyapara wa kiwanda cha mbao Elburgon, mzee aliyefiwa na mke. Nilimpenda yule msichana, na usiku ule nililia.

Nikawaalika wazazi wake waje Njoro kazini kwangu wajionee. Walikuja Jumapili baada ya ibada. Mzee alipoona madebe alinguruma.

"Kumbe ni wewe unayenukisha godauni yangu!"

Mzungu akatueleza kwa Kiswahili alichojifunza kwa kufokea watu. Neno la kile alichokitafuta hakuwa nalo, wala sisi hatukuwa nalo, basi akakiita hamira.

"Mishipa naita nyama: shika! Nyama nashika. Hamira nakuja, nasema: basi. Nyama naachia. Kama hapana hamira, nashika tu, mpaka nakufa."

Mzee akainamia darubini, akafumba jicho lililokuwa kwenye kioo, akatangaza kwamba ameona kila kitu.

Mama hakuna aliyemkaribisha kutazama. Akauliza pale pale alipoketi, "Bwana, na mtu iko na hiyo hamira?"

"Iko. Watu yote."

"Si wote. Huyu wangu alizaliwa bila." Akamgeukia mumewe. "Karani alikuja, ukasema mlevi. Mwalimu alikuja, ukasema mfupi. Leo huyu ananuka. Hata yule wa Elburgon, akija kweli utampata na kasoro. Umemshika mtoto, huachii."

Nilidhani mzee atafoka. Aliketi juu ya debe.

"Ni wa mwisho," alisema. "Nikimwachia, nabaki na nani?"

"Na mimi, baba. Mimi nimekaa hapo miaka yote."

Mzee akainuka kwenye debe. Halafu akaniambia nilete wazee wangu Jumamosi, ila nioge kwanza.