Bukari ya Dada Claudine

Harufu ya mihogo iliyolowekwa ni kali, wageni huziba pua. Mimi ikinifikia tu, hata katikati ya zogo la sokoni, narudi kuwa mtoto mwenye miguu ya tope kando ya kijito cha mtaa wetu, Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo. Akina mama walichimba vishimo ukingoni, wakailaza mihogo majini mpaka ilainike, na jua la asubuhi likacheza juu ya povu. Niliweza kukaa pale kutwa nzima, sifanyi lolote, natazama tu.

Dada yangu Claudine, binti wa miaka kumi na mitano, alikuja kijitoni kwa kazi nyingine. Wachimbaji walimpa magunia ya mawe ya shaba ayasafishe, naye akayaosha upande wa juu. Maji yakateremka ya kijani hadi kwenye vishimo, mazuri ajabu machoni pangu. Siku chache baadaye watoto wa jirani yetu, Mama Kapinga, walikula bukari, ule ugali wetu wa muhogo, wakatapika wote. Kitinda mimba wake, Trésor, alilazwa hospitalini, nusura tumpoteze.

Mtaa ukachafuka. Wengine walidai Claudine ametia sumu makusudi. Polisi wakamchukua, ikabaki afikishwe kwa jaji wa watoto. Papa, ambaye akiogopa huongea kwa methali, alizunguka uani akirudia, "Maji yakimwagika hayazoleki," mpaka mama akamsihi anyamaze, maana habari za maji zilikuwa zimetutosha.

Ndipo akaja mama mmoja wa huduma za jamii. Alitueleza kwamba familia mbili zinaweza kupatana, mtoto akarekebisha alichoharibu, na kesi isiende mbele. Ila lazima Mama Kapinga akubali. Tulikaa mbele yake, pamoja na Claudine aliyeletwa kutoka polisi, kama kuku walionyeshewa.

"Huyu mutoto mi nilimubeba ku mugongo," alisema hatimaye, akimtazama Claudine. "Sitaki bamufunge. Alobeke mihogo na mi, aanike, atwange. Kisha apike bukari, tutakula."

"Ni vile tu, mama?" papa akauliza.

"Tata, unaona ni kitu kidogo?"

Yeye na Claudine wakachimba kishimo kipya mbali kule juu, ambako hakuna aliyeosha mawe. Siku za kwanza Claudine alilia huku akimenya. Baadaye nikawasikia wakiimba pamoja, sauti nene na sauti nyembamba, na mihogo ikikauka juu ya bati, myeupe, nami nikisinzia kivulini kwa raha.

Siku ya kula, tulitandika mkeka uani kwa Mama Kapinga. Majirani wote, kwa bahati ya ajabu, walikuwa na safari ya kupita hapo. Claudine akaweka bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akarudi nyuma, mikono kifuani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Kapinga akamega tonge, akala taratibu. Akamega la pili, akamwita Trésor, akamlisha mwenyewe. Mkono wake ulitetemeka, nikadhani bukari ilikuwa ya moto.

Kesi ikaishia pale. Claudine akarudi shuleni, na watoto wa mtaa wakarudi kula kwetu kama zamani.

Leo nami ni mama, nina mtoto wa umri ule wa Trésor. Bukari ile haikuwa ya moto. Mama Kapinga aliogopa, aliogopa sana, na bado akamlisha mwanawe.