Vane za Nchi ya Baridi

Nimefundisha jiografia mjini Uvira, kando ya ziwa, kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo wote sikumvumilia mwanafunzi aliyeacha robine ya maji wazi. Katika mtaa wetu wa Mulongwe maji ya bomba huja yanapotaka. Huondoka asubuhi, hurudi saa ambayo hakuna mtu nyumbani, na aliyesahau kufunga hukuta godoro limelowa na jirani amesimama mlangoni. Kwa hiyo aliyelelewa vizuri kwetu hufunga kila kinachofungika kabla ya kutoka. Desturi hiyo niliigeuza kipimo cha utu: nilipoingia nyumbani kwa mtu nilitazama robine yake kwanza, kisha ndipo nikamtazama mwenyewe.

Naandika haya kwa sababu desturi hiyo njema ilinifikisha mahali pa kumdhulumu mtu.

Kanisa letu lilikuwa limepewa gari-nyumba, jeupe na refu, lenye kitanda, jiko dogo, sinki na tangi la maji. Wazee wawili wa Ulaya walikuwa wakilitumia wakati wa likizo, hadi walipochoka na safari. Lilipotufikia kupitia Bujumbura, tuliligeuza kliniki ya wajawazito. Kitanda kikawa cha kupimia, na sinki ikawa ya mkunga kunawia mikono na kuoshea vyombo vyake. Kila mwezi lilizunguka uwanda wa Ruzizi, siku moja Katogota, siku nyingine Lubarika, kisha likarudi mjini.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati yake. Dereva na mtunzaji wake alikuwa mama mjane, mzaliwa wa nyanda za juu, kwa wafugaji, aliyejifunza kazi ya mabomba kwa marehemu mume wake. Katika kamati kuna waliosema kwamba kazi ile ilimfaa mtu wa huku chini. Sikuwaunga mkono. Sikuwakemea pia, na kwa mtu mwepesi wa kukemea kama mimi, kimya kile hakikuwa bure.

Jumamosi moja alasiri nilikwenda kulikagua gari. Mama alikuwa ameshajaza tangi na kuondoka. Niliinua ubao chini ya kitanda, nikaona kile ambacho sikuwahi kukitazama: vali ndogo, ambazo kwetu huitwa vane, tatu kando ya chombo cha kuchemshia maji na moja kando ya pampu, kila moja na mkono wake wa manjano. Mmoja ulikatiza bomba, yaani umefungwa. Mingine mitatu ililala sambamba na bomba, yaani iko wazi. Nilisikitika. Nikaikatiza yote, nikarudisha ubao mahali pake, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Jumatatu tulifika Lubarika mapema. Wanawake walikuwa wametutangulia, na karibu kabisa na ngazi ya gari aliketi mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hadi vifundo havikuonekana. Alikuwa amepoteza mimba mbili, na hii ya tatu ilikuwa imefika miezi minane. Mkunga alimwambia kwamba yeye ndiye wa kwanza. Kisha akafungua robine ili anawe.

Pampu ilinguruma kwa sauti kavu. Robine ikakohoa, ikanyamaza. Mkunga alijaribu tena, akaweka sabuni chini. Mtu akajitolea kuchota maji ya mfereji wa mashamba. Mkunga akamshukuru, akakataa, kwa kuwa maji ya tangi ndiyo pekee yaliyotiwa dawa.

"Bila maji safi simuguse mutu," alisema. "Tungoje kidogo. Ikishindikana, turudi."

Yule mwanamke wa ngazini alisikia. Alivuta kitenge chake akakikaza, kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu ya kurudi alikotoka. Kliniki isingepita tena pale kabla ya mwezi kwisha, na mwezi yeye hakuwa nao.

Nilimgeukia mama dereva mbele ya watu wote. Nilimuuliza kama alijaza tangi. Akajibu kwamba alijaza. Nikasema, kwa sauti ya darasani, kwamba mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe asishangae mabomba yakimshinda. Baadhi ya wanawake walicheka. Yeye akapanda ndani, nikasikia ubao ukiinuliwa. Baada ya kitambo kifupi aliniita.

"Mwalimu, kuja uone. Tangi iko imejaa. Lakini hii vane ya pampu, mutu aliigeuza. Pampu haivute tena ku tangi. Inavuta upepo hapa." Akanionyesha mpira mfupi ambao mdomo wake haukuunganishwa na kitu chochote.

Nilimuuliza ni fundi gani aliyeweka mpira wa kuvuta upepo.

"Haiko ya upepo. Wale wazee wa Ulaya waliuweka mu kidumu cha dawa, pampu inavuta, dawa inaingia mu mabomba yote. Kwabo wakati wa baridi maji inakuwa jiwe, inapasua bomba. Ile dawa haigande." Alikuwa amelala ubavu, tochi mkononi. "Na kwetu juu ni vile. Mwezi wa saba, asubuhi, maji mu nyayo za ng'ombe inafunikwa na kioo. Siku moja niliacha mutungi inje, umejaa. Asubuhi nilikuta vipande."

Mara ngapi nilichora ubaoni jinsi maji yanavyotanuka yanapoganda! Barafu niliyoishika mimi ilitoka kwenye friji ya duka la soda.

Mkunga, akiwa mlangoni, aliuliza nani alizigusa vane. Gari lililala siku mbili katika uwanja wa kanisa, ambamo watu wengi hupita, na hakuna aliyeniona. Nakiri kwamba nililifikiria jambo hilo. Lakini kutoka pale niliona mgongo wa yule mwanamke wa ngazini, na kitenge alichokwisha kukikaza.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizifunga zote Jumamosi."

Kisha nilishuka nikawaambia wanawake kwamba mama alifanya kazi yake sawasawa, kwamba niliyeiharibu ni mimi, na kwamba neno langu juu ya ng'ombe lilikuwa chafu. Walioinamisha macho walikuwa wachache. Wengi walicheka tena, na safari hii walikuwa na haki.

"Mwalimu, weye unafungaka sana," mama alisema kutoka ndani. "Siku moja utafunga na ziwa."

Akageuza mikono mitatu, mmoja mmoja. Sauti ya pampu ilishuka, ikawa nzito. Robine ikatema hewa, ikatema tena, kisha maji yakatoka. Mkunga alinawa hadi viwiko, akamwita mwanamke wa ngazini.

Alikaa naye ndani muda mrefu. Alipotoka alisema kwamba moyo wa mtoto unapiga vizuri, lakini presha ya mwanamke imepanda, na lazima tumpeleke hospitali Uvira siku hiyohiyo, tukimaliza kuwapima wenzake. Mtoto yule leo anatembea, na kila aonapo robine huifungua.

Tuliporudi, mwanamke alilala kwenye kitanda cha kupimia, nami niliketi karibu naye. Njiani aliuliza kwa nini gari moja lina mabomba mengi hivi. Mama, macho yake barabarani, alimweleza juu ya maji yanayokuwa jiwe, nyayo za ng'ombe na ule mtungi. Mwanamke hakuamini. Alinigeukia mimi, mtu wa vitabu, anisikie nikikanusha.

"Mimi nimeyasoma tu," nikamwambia. "Muulize yeye. Ameyaona."