Figa la Ng'ambo ya Ufa

Wifi yangu Momina hupika kwa mafiga mawili na mkebe wa samli uliojazwa mchanga. Figa la tatu liko ng'ambo ya ufa, linaonekana vizuri kabisa, na hajawahi kutafuta jingine. Huku kwetu Afar mawe hayana mwenyewe, yamejaa kila mahali, meusi, ya kukung'oa kucha. Siku moja nilimletea moja nikaliweka mwenyewe. Akalitoa, akaliweka kando, akaendelea kukanda unga. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mwaka wa majivu ardhi ilitetemeka siku nyingi mpaka mbuzi wakazoea. Kisha mlima ukatema moshi, mchana ukawa giza, na uwanda ukachanika mbele ya nyumba yake. Mumewe Gaas, kaka yangu, alikuwa amekaa nje juu ya mwamba. Akaenda nao. Hatukupata hata kiatu cha kuzika. Mimi nililia mpaka sauti ikanikauka. Momina alikuwa mlangoni, aliona yote, na alisema neno moja tu: "Ameingia." Baada ya hapo hakulia wala hakusema tena habari za siku ile.

Kunyamaza namna hiyo kwetu ni jambo kubwa. Watu wawili wakikutana njiani, hata kama hawapendani, lazima waketi wapeane dagu: umetoka wapi, umeona nini, mvua imenyesha wapi, nani amekufa, ngamia wa nani amepotea. Unasema ulichokiona bila kutia chumvi, na mwenzako anakibeba mbele. Kumnyima mtu dagu ni kama kumnyima maji. Momina aliulizwa na kila apitaye, akageuza uso. Wapita njia wakaanza kuzunguka mbali na nyumba yake. Wanawake wakasema ana kiburi. Niliwajibu kwa matusi, maana mdomo wangu hauna breki, lakini hata mimi sikujua ana nini. Tulipohama kufuata malisho yeye alibaki palepale. Nilimwachia mbuzi wa maziwa, nikawa narudi kumwona.

Mwaka huu nilimkuta na wageni. Walikuwa wapima ardhi, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Walikuwa wamepigilia vyuma pande zote mbili za ufa, na juu yake wameweka sahani zinazosikiliza setilaiti. Mkalimani wao, Nuro, ni mtu wetu, ingawa kwao ni mbali, huko nyuma ya majangwa ya chumvi.

"Anasema mwamba wa huku na wa kule ni mmoja," Nuro alitueleza. "Tabaka kwa tabaka, zinafuatana vilevile. Ukizisogeza zinashikana. Anasema hata Arabuni na kwetu palikuwa pamoja, miamba yake inaonyesha. Na bado tunaachana, kidogo kidogo kila mwaka. Siku moja bahari itaingia hapa."

"Bahari!" nikasema. "Mwambie aanze na ndoo moja ya maji ya kunywa."

"Shangazi, hiyo sitafsiri."

"Tafsiri! Umekuja kufanya nini?"

Akacheka, akamgeukia Momina. "Anauliza, mama, haya mafiga mawili na lile la kule, lilikuwa jiko moja?"

Momina akaitikia kwa kichwa. Yule mama alifurahi kama aliyepata ndama. Akayapiga picha, kisha akapima kutoka figa hadi figa kwa chombo chenye mwanga mwekundu. Niliichukia furaha yake. Momina aliitazama tu nukta nyekundu ikitua kwenye jiwe lake.

Jua lilipokuwa kali Nuro akaja kivulini kutoa dagu, kama inavyompasa. Momina alikuwa anakanda unga, kwa hiyo Nuro aliketi na mimi. Akasema mvua kwao ilikuwa kidogo, kisima kimoja kimekauka, binti wa fulani ameolewa.

"Na ile ya zamani," akasema, "huwa naisema kila ninapoketi. Mjomba wangu Utban, aliyekatika kidole gumba cha kushoto, aliondoka mwaka wa majivu kutafuta ngamia. Hatujapata dagu yake. Mama yake bado anamwekea maziwa."

Mikono ya Momina ilisimama ndani ya unga.

"Anacheka huku anakohoa," akasema.

Nuro aliweka kikombe chini. "Ndiye, mama."

"Alisimama njiani pale. Gaas alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyemwamsha, nikamwambia mgeni amesimama, nenda ukakae naye. Wakaketi mwambani. Nikawapelekea mkate. Mgeni akasema umeungua kidogo lakini ni mtamu. Nikarudi mlangoni. Alikuwa hajamaliza kutoa dagu yake, ardhi ikafunguka walipokaa. Waliingia wote wawili. Hawakupiga kelele. Hayo ndiyo niliyoyaona."

Aliyasema kama mtu anayetaja vitu vya kupakia ngamia.

"Wawili?" nikasema. "Miaka yote hii, wifi, walikuwa wawili?"

"Mliniuliza habari za Gaas."

Nilitaka kumpiga, nikataka kumkumbatia. Sikufanya lolote.

Mama wa vipimo akaja kuuliza yule mwanamke amesema nini. Nuro hakumtafsiria. Alijifunika uso kwa shuka yake, kisha akainuka kutafuta fimbo yake.

"Bibi yangu yu hai," akasema. "Siwezi kulala na dagu hii. Naenda leo."

"Mwambie alikula," Momina akasema. "Asije akadhani alikufa na njaa. Na umtaje Gaas. Walikuwa pamoja."

"Nitamtaja, mama. Kila nitakapoketi nitamtaja."

Alikuwa ameshampa mgongo, ameshapita mafiga, Momina alipomwita tena. Alikuwa anafuta unga mikononi.

"Na huko kwenu," akauliza, "mvua imenyesha?"

Nuro alikuwa ameshanijibu hilo mimi, na Momina alikuwa karibu, alisikia. Njia yake ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeanza kushuka. Akaweka fimbo chini, akarudi, akaketi mbele yake.