Landrova ya Baba Ilipopata Injini Mpya

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka harufu yake. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa Mama, kule Nyololo, namenya viazi, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa unanitoa machozi. Mama alikuwa amenipa mgongo, anapuliza moto. Bila kugeuka akaniuliza, "Gari la baba yako limefikia wapi?" Nikamjibu kama nilivyozoea kumjibu kila nikienda kumsalimia: "Bado kidogo, Mama. Natafuta injini yake." Akaacha kupuliza. Mimi namjua mama yangu. Akiacha moto uzimike, ujue kuna maneno yanakuja.

Lakini usiwe na haraka. Kwanza nikueleze hilo gari, maana bila gari hutamwelewa Mama.

Baba alikuwa na Landrova fupi ya kijani. Ilibeba mbao, viazi, maiti na maharusi, na kila iliporudi nyumbani ilikuwa na tope mpaka kwenye vioo. Ndiyo niliyojifunzia kuendesha. Wanaume wa kijijini walikuwa wanasimama kando ya njia kumcheka Baba anayepoteza mafuta kumfundisha mtoto wa kike. Walicheka, nikajifunza, wakaacha kucheka, na baadhi yao nilikuja kuwapeleka hospitali Mafinga wakiwa wameshika tumbo na wananiita mama. Nasema haya kwa kujisifu, ndiyo. Umri wangu unaniruhusu.

Baba alipofariki, wazee walikaa kugawa vitu vyake. Sasa sikiliza desturi ya ukoo wetu. Kwetu ukipewa kitu cha kazi cha marehemu, hujakirithi bado. Umekishika tu. Unaondoka nacho, unakifanyisha kazi, kisha unakirudisha nyumbani kikiwa kizima, mjane anakigusa kwa mkono wake na kusema, "Amefika." Hapo ndipo kinakuwa chako. Na vitu vyote vikishafika, mjane anafunga msiba. Kabla ya hapo, hata miaka ipite, kwetu tunahesabu kwamba marehemu bado yuko njiani.

Kaka yangu alipewa msumeno. Wiki hiyohiyo akaangusha mti, akapasua mbao, akarudi, Mama akagusa, akamaliza. Dada alipewa jembe, naye hakuchelewa. Mimi nikapewa Landrova, na injini ilikuwa imenoki, imekufa kabisa. Nikaifunga nyuma ya lori la viazi ikavutwa mpaka kwangu Ilomba, Mbeya. Nilikuwa bado nina nywele nyeusi na magoti yanayokunjika. Niliapa kwamba kabla ya masika nitakuwa nimerudi nayo.

Mwanangu, masika yalipita mengi sana.

Usidhani nilikuwa mvivu. Nilikuwa nauza viazi kwa magunia soko la Uyole, nalea watoto, na kila nilichopata nilikipeleka kwenye lile gari. Nilichomelea sakafu. Nilipaka rangi. Nilishona viti. Kilichobaki ni injini tu, na hapo ndipo niliposimama. Nilitaka injini ileile, ya aina ileile, yenye mngurumo uleule. Niliitafuta Iringa, Njombe, Songea, nikapata vipande, nikapata waongo. Gari likakaa uani mpaka likawa mali ya mtaa. Majirani walianika mashuka juu yake. Kuku alitagia kwenye kiti cha dereva na akaniparua siku nilipotaka kukaa. Watu walielekeza wageni, "Ukifika kwenye Landrova mbovu, kata kushoto." Hilo neno "mbovu" lilikuwa linanichoma.

Fundi wangu alikuwa Ambakisye wa Uyole, Mnyakyusa mwenye sauti kubwa na sifa nyingi, ambaye hajawahi kufunga nati bila kuisimulia. Kila akiniona sokoni alikuwa ananifuata kwenye magunia. "Mama, ile injini imekufa, tuizike. Nikufungie ya Kijapani, ya dizeli, ina turbo, inaongozwa na kompyuta. Utapanda mlima huku unapiga simu."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Gari ni lako."

"Si langu bado," nikamwambia. Ndipo nikamweleza sababu, nami nilikuwa naiona ni sababu nzito. Mama alikuwa akiijua ile Landrova kwa sauti. Tangu tukiwa wadogo, Baba akiwa bado yuko mbali, Mama alikuwa anainua kichwa, anasema, "Baba yenu huyo," anabandika chai. Hakukosea hata siku moja. Na sasa macho yake yalikuwa yanafifia, anaona kivuli cha mtu tu. Nikimpelekea gari lenye sauti ya ajabu, atagusa nini? Atajuaje kwamba ndilo? Ambakisye, ambaye huwa hakosi la kusema, siku hiyo alikuna kichwa akaenda zake.

Basi sasa turudi jikoni.

Mama aliacha moto, akageuka, akanitazama kwa yale macho yasiyoona vizuri. "Injini yake ndiyo ipi?" akauliza. Nikamweleza kama nilivyomweleza fundi. Nilisema kwa upole, hata machozi yalinilengalenga, nikijiona mtoto mwema kuliko wote. Nilitegemea anishike mkono. Mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akakasirika, vyote kwa pamoja.

"Kumbe unanisingizia mimi! Miaka yote hii watu wakiniuliza gari liko wapi, kumbe nimelikalia mimi! Nani alikwambia nilikuwa nasikiliza injini?"

"Lakini Mama, ulikuwa unajua..."

"Magari ya namna ile yalikuwa mangapi hapa? La misheni lilikuwa hivyohivyo. La bwana misitu hivyohivyo. Mngurumo mmoja. Mbona sikuwa nabandika chai kila likipita la misheni?"

Nilibaki nimeshika kisu na kiazi.

"Mimi nilikuwa namsikiliza baba yako," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Pale kwenye kona ya kisima. Wengine wote walikuwa wanaingia wanakwangua gia, wanakimbilia kilima. Yeye alikuwa anaachia pedali ya mafuta kwanza. Gari linanyamaza. Anakaa kidogo. Halafu ndiyo anaingiza gia, polepole, anapanda. Ule ukimya ndio nilikuwa nausikia. Nilikutuma gari, mwanangu, sikukutuma kelele." Akaokota kuni moja, akaisukuma motoni. "Mimi nimezeeka. Nataka nifunge msiba wa mume wangu mwenyewe, kwa mkono wangu. Nisije nikawaachia nyinyi misiba miwili."

Nilijisikia vibaya, sikufichi. Lakini pia nilijisikia nimefunguliwa. Mtu aliyekuwa amenifunga kamba miaka yote kumbe hakuwa na habari na kamba. Niliondoka alfajiri ya kesho yake, na nilipofika Uyole sikupitia hata kwenye magunia yangu. Nilikwenda moja kwa moja gereji nikamwambia Ambakisye, "Zika."

Akarukaruka pale kama aliyefunga goli.

Kazi yenyewe haikuwa ya kucheka. Tuliiteremsha injini ya Baba kwa mnyororo, nami nilisimama pembeni na kitambaa kichwani kama niko makaburini. Ile ya Kijapani ilipoingizwa, chungu chake cha oili kiligonga ekseli ya mbele. Ikatolewa, kikakatwa, kikachomelewa upya. Ikaingizwa tena, ikakataa kukutana na giaboksi. Giaboksi ilikuwa ya Baba, na hapo niligoma kabisa: ile mikono yangu inaijua, haitoki. Ikabidi tuchonge chuma kinene cha kuziunganisha, na mchongaji wa kwanza alitoboa matundu yake kombo. Halafu zikaja waya. Mwanangu, Landrova ya Baba ilikuwa na waya za kuhesabika, lakini hii ilikuja na kifurushi cha waya kama utumbo wa ng'ombe, na kiboksi kidogo cha kompyuta ambacho kikinuna gari zima linanuna. Tulikitafutia mahali pakavu chini ya dashibodi. Ambakisye alijisifu kwa kila hatua, na kila mara nilimwambia ajisifu gari likishawaka.

Likawaka asubuhi moja yenye ukungu, baridi ile ya Mbeya inayouma vidole. Halikukohoa, halikutoa moshi. Lilianza tu kuvuma, kwa ulaini, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Gereji nzima ilishangilia. Mimi nililia. Lilikuwa zuri, na halikuwa Baba hata kidogo. Pamoja na maneno yote ya Mama, hofu ilinirudia palepale: je, kama alisema vile ili nisijisumbue? Je, akigusa bodi akasema, "Hili la nani?" Neno hilo likishatoka kwa mjane halirudishwi, na gari lisingekuwa langu kamwe.

"Ndaga, Ambakisye," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, nikakaa kwenye usukani kabla hofu haijapata kiti.

Sikumpigia Mama simu. Sikumwambia kaka wala mtu yeyote. Nilitaka, kama ni kukataliwa, nikataliwe kwa haki. Nilipita Chimala, Igawa, Makambako, nikiyapita malori kwenye milima ambayo Baba alikuwa akiipanda huku abiria wanashuka kutembea. Nilikuwa na raha na wasiwasi kwenye kiti kimoja. Nyololo nikaacha lami, nikaingia njia ya nyumbani, nikaanza kujiambia: kona ya kisima, usisahau, achia mafuta, subiri, ingiza gia. Nikawa nayarudia yale maneno kama mtoto anayekwenda kusoma somo kanisani.

Na unajua nini? Kabla ya kisima akatokea mzee mmoja na ng'ombe wake katikati ya njia. Tukasalimiana, "Kamwene," akataka kujua mimi ni wa nani, akaniulizia watoto, nikajibu, akapisha. Nikaendelea. Niliposhtuka niliona kisima kiko nyuma yangu na kona imekwisha. Nilikuwa nimeipita bila kufikiri chochote. Nikawaza kurudi nyuma niianze upya, nikaona ujinga huo utanichekesha hata mwenyewe. Nikapanda kilima mpaka uani.

Neema, binti wa kaka yangu anayekaa na Mama, alitoka mlangoni akipangusa mikono. Alinitazama, akatazama gari, akashika mdomo. "Shangazi! Kumbe ni wewe?"

"Mlitegemea nani?"

"Mimi nilijua ni wageni, hii sauti hatuijui. Lakini Bibi ameniambia nibandike chai."

Sikuweza kushuka mara moja. Nilikaa pale nimeshika usukani, natazama miguu yangu na mikono yangu, ambayo ilikuwa imefanya kule kwenye kona kile ilichofundishwa, bila kuniuliza.

Mama akatoka na fimbo yake. Akalifikia gari, akapapasa boneti, akapapasa taa, akaweka kiganja chote juu ya bati lenye joto. Injini ilikuwa bado inavuma taratibu. Akasikiliza. "Limekuwa na adabu," akasema. Halafu akalitaja jina la Baba, jina lake la nyumbani ambalo sisi watoto hatukuwahi kuruhusiwa kulitaja, akasema, "Amefika."

Kaka akaitwa, wazee wakaja na ulanzi wao, pombe ya mianzi, msiba ukafungwa na aliyestahili kuufunga. Mama yupo mpaka leo. Anakaa kiti cha mbele, ananipangia mwendo, na tukilipita lori anasema baba yangu hakuwa na kiherehere hivyo.

Basi mwanangu, wewe mwenye nyumba iliyofika kwenye linta ikaota majani, wewe mwenye cherehani la bibi lililofunikwa kwa kitenge, au masomo uliyoyaacha yamebaki kidogo. Sikuambii uharakishe. Nakuambia uulize. Kama umesimama kwa ajili ya mtu, nenda jikoni kwake ukamuulize kama kweli ndicho anachongoja, na uende wakati bado anaweza kukujibu. Usimlinde mtu kwa kumnyima. Na ikibidi kubadilisha cha ndani ili kitu kitembee, badilisha bila kuona haya. Weka injini ya siku hizi, weka waya, weka kompyuta. Ulichoachiwa na wakubwa wako hakikukaa kwenye chuma. Kimekaa kwenye mikono yako, na kitatoka chenyewe kwenye kona utakayokuwa umesahau kukitafuta.

Mungu akupe nguvu ya kumalizia ulichoanza, na akuwekee hai wale unaowamalizia. Barabara zako ziwe na ukungu kidogo tu na mafundi wasiochonga kombo. Na siku utakapokata kona ya kwenu, ukute mtu ameshabandika chai.